Mwalimu wa Ugenini Atalala Wapi?

Mzazi mmoja ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Mwanawe, mwalimu mwenye shahada, amepata kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule za Japani. Nauli imekwisha patikana kwa ng'ombe watatu na michango ya wajomba na mashangazi. Sasa mzazi auliza: akifika huko nyumba ataipataje, na fedha za akiba ziwe kiasi gani?

Ni swali la mtu mwenye busara. Vijana wengi huuliza habari za mshahara na za baridi, wakasahau kwamba usiku wa kwanza hauna budi kulaliwa mahali fulani.

Tuanze na fedha. Huko Japani mpangaji hulipa mambo mengi kabla hajakabidhiwa ufunguo. Kwanza iko amana, nayo hurudishwa siku ya kuhama, baada ya kukatwa gharama za kilichoharibika. Tena iko zawadi ya shukrani kwa mwenye nyumba, waiitayo reikin, nayo hairudi kamwe. Watu wetu wa mijini hawatashangaa sana, maana kilemba cha nyumba twakijua tangu zamani. Uko ujira wa dalali, ambao kwa sheria hauzidi kodi ya mwezi mmoja pamoja na ushuru wa serikali. Iko pia kodi ya mwezi wa kwanza, bima ya moto, na mara nyingi bei ya kubadilisha kitasa.

Tufanye mfano. Chumba kina kodi ya yeni 60,000 kwa mwezi. Amana ya mwezi mmoja ni 60,000, reikin 60,000, kodi ya kwanza 60,000, dalali, pamoja na ushuru, 66,000, na kampuni ya udhamini, ambayo tutaieleza hapa chini, huenda ikataka 30,000. Jumla ni yeni 276,000, na bima haijatiwa bado. Basi ni karibu mara tano ya kodi ya mwezi, nazo zatakiwa kabla mshahara wa kwanza haujaonekana. Tena chumba chenyewe mara nyingi hukabidhiwa kitupu: hakuna kitanda, hakuna jiko, pengine hata taa ya darini hakuna.

Lakini fedha si kizuizi kikubwa kuliko vyote. Mtu aweza kuwa nazo zote mkononi, na mlango usifunguliwe. Kinachotakiwa ni mdhamini, yaani mtu aishiye huko huko, mwenye kipato, atakayetia sahihi kwamba mpangaji asipolipa, yeye atalipa. Mjapani huenda kwa baba yake au kwa mjomba wake. Mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege atakwenda kwa nani?

Kwa nini wenye nyumba wanashikilia jambo hili? Yafaa kujua sababu, ili mgeni asidhani kwamba kila anayemwuliza maswali anamchukia. Sheria ya Japani ya upangaji, iliyotungwa mwaka 1991 juu ya msingi wa sheria za zamani, humlinda sana mpangaji. Kwa mkataba wa kawaida mwenye nyumba hawezi kumtoa mtu bila sababu ya haki, wala bila kumpa taarifa miezi sita mbele. Aliyekwisha ingia ni vigumu kumtoa. Kwa hiyo hofu yote huwekwa mlangoni. Basi zimetokea kampuni zinazodhamini watu kwa malipo, mara nyingi nusu ya kodi ya mwezi au hata mwezi mzima, na siku hizi wenye nyumba wengi hudai kampuni hizo hata kwa wenyeji.

Hata hivyo tusifiche ukweli: chuki nayo ipo. Mwaka 2017 Wizara ya Sheria ya Japani ilitangaza matokeo ya uchunguzi iliyowafanyia wageni wakaao nchini. Kati ya waliojibu kwamba walitafuta nyumba katika miaka mitano iliyotangulia, karibu wanne katika kila kumi walikuwa wamekataliwa kwa sababu tu ya kuwa wageni. Wengine kama hao walikataliwa kwa kukosa mdhamini Mjapani. Mahakama zimepata kuwaadhibu wenye nyumba kwa fidia, kama ya Osaka mwaka 1993 na ya Kyoto mwaka 2007. Lakini mwalimu mwenye siku nne za kuhama hotelini hatapeleka shauri mahakamani. Wala tusiwahukumu Wajapani upesi mno. Katika miji yetu wenyewe mwalimu aliyehamishwa kutoka mkoa wa mbali hudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wako waulizao kabila lake kabla ya jina.

Afanye nini basi kijana huyu? Swali la nyumba aliulize kabla ya kutia sahihi mkataba wa kazi, wala si baada ya kufika. Awaandikie waajiri: je, mtakuwa wadhamini wangu? Walimu wanaoletwa na mpango wa serikali uitwao JET, ulioanza mwaka 1987, mara nyingi husaidiwa na halmashauri ya elimu ya mahali pao. Walioajiriwa na kampuni za watu binafsi hali yao hutofautiana sana.

Kampuni nyingine humpangia mwalimu chumba kwa jina lake yenyewe na kumkata kodi katika mshahara. Ni msaada wa kweli kwa miezi ya mwanzo. Lakini asome vizuri: kazi ikiisha, atapewa siku ngapi za kuhama? Mtu aliyepoteza kazi na nyumba siku moja, katika nchi asiyojua kusoma vibao vyake, yu katika hatari kubwa.

Njia nyingine haijulikani sana kwetu. Liko shirika la umma liitwalo UR, lenye nyumba nyingi za kupangisha. Halitaki reikin, wala ujira wa dalali, wala mdhamini, nao wageni wenye kibali cha kukaa kwa muda mrefu hupokewa. Lataka amana ya miezi miwili na uthibitisho wa kipato au akiba.

Akiambiwa chumba ni cha mikeka sita, asicheke. Vyumba huko hupimwa kwa mikeka mizito ya majani iitwayo tatami, na katika matangazo mkeka mmoja huhesabiwa si chini ya meta za mraba 1.62. Aulize pia mwaka nyumba ilipojengwa, kwa kuwa kanuni za kuhimili matetemeko ya ardhi zilikazwa mwezi Juni 1981.

Akiisha kupata makao, anazo siku 14 za kuandikisha anwani yake katika ofisi ya mji.

Kwa mzazi aliyetuuliza: shikeni ng'ombe wa nne asiuzwe bado. Mwana na awaandikie waajiri juma hili habari za mdhamini na za chumba, na jibu lije kwa maandishi. Likiisha kuja, ndipo mtajua akiba yatakiwa kiasi gani.