Somo la Afya: Lehemu Ndogo na Ini Gonjwa

Wanachama wengi wa vyama vya msingi huamini kuwa kipimo cha lehemu, yaani kolesteroli, kikiwa chini ni heri tupu. Kwa mwenye ini zima huenda ikawa hivyo. Kwa mwenye homa ya ini ya muda mrefu, kipimo hicho chaweza kuuficha ugonjwa.

Lehemu nyingi mwilini haitoki katika sahani. Mwili huitengeneza wenyewe, na ini ndilo kiwanda kikuu. Ini huifunga pamoja na mafuta na protini, kisha huisafirisha katika damu, kama tumbaku ya Urambo inavyofungwa mitumba kabla ya kwenda sokoni. Virusi vya homa ya ini aina ya C, vilivyotambuliwa mwaka 1989, husafiri ndani ya mitumba hiyo hiyo na kuvuruga utengenezaji wake, hata lehemu ya damu ikapungua huku mafuta yakirundikana katika ini. Mgonjwa akipona kwa dawa, lehemu mara nyingi hupanda tena. Si dawa iliyomdhuru, bali ini limerudi kazini.

Aina ya B, iliyoenea zaidi Tanzania, haina desturi moja. Wengi huishi nayo miaka mingi, lehemu yao ikiwa ya kawaida au pungufu kidogo. Mnene au mwenye kisukari huweza kubaki na lehemu nyingi juu ya ugonjwa wake. Lakini ini likijaa makovu, kiwanda hushindwa na tarakimu hushuka. Hivyo wakulima wawili wenye virusi vile vile waweza kupata majibu mbalimbali, na anayepongezwa kwa lehemu ndogo akawa ndiye mahututi.

Karanga nazo, ambazo Waingereza walizilimia Urambo kwa matrekta kuanzia miaka ya 1940, zikiota ukungu huwa na sumu ambayo, pamoja na virusi vya B, huzidisha hatari ya saratani ya ini. Zilizooza zisiliwe.

Chanjo ya B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002. Wanachama wengi walizaliwa kabla ya hapo. Katibu anayeandaa siku ya kupima lehemu na shinikizo la damu chamani na awaombe wauguzi walete pia kipimo cha homa ya ini. Tone la damu ya kidole latosha.