Dume na Jike wa Sikilidi Mwenye Milia

Swali: Sikilidi mwenye milia hutambuliwaje dume na jike, naye afugwe vipi nyumbani?

Jibu: Samaki huyu, ambaye jina lake la kisayansi ni Amatitlania nigrofasciata, asili yake ni mito na maziwa ya Amerika ya Kati, naye ni wa familia ya sikilidi, ambayo ndiyo familia ya sato na perege. Milia myeusi ya wima haitoshi kutenganisha jinsia, kwa kuwa wote wawili wanayo. Alama ya kutegemewa ni magamba ya rangi ya machungwa tumboni mwa jike aliyekomaa, jambo la kupendeza kwa sababu katika samaki wengi dume ndiye hupambika, ilhali hapa dume hutambulika kwa ukubwa wa mwili na mapezi marefu yaliyochongoka.

Jozi moja ipewe tangi la lita 100 au zaidi, lenye maji ya nyuzijoto 24 hadi 27 na pango la mawe au chungu kilicholazwa, maana jike hutaga humo, na wazazi wote wawili huyalinda mayai na vifaranga kwa ukali unaoweza kuwaua samaki wapole waliowekwa pamoja nao. Vifaranga vya ziada visimwagwe mtoni kamwe: nchini Australia samaki hawa wamekwisha kuzaliana nje ya matangi.