Taa za Karnak na Hadithi ya Hijr

Ndugu zangu, je, inafaa Muislamu ahudhurie onyesho la usiku la taa na sauti katika hekalu la Karnak, mjini Luxor, Misri? Wanaokataza hutumia Hadithi ya Ibn Umar, waliyoipokea Bukhari na Muslim: Mtume (s.a.w.) aliwazuia Masahaba wasiingie makazi ya Thamud kule Hijr ila wakiwa wanalia. Lakini Hijr iliteremkiwa na adhabu. Firauni na jeshi lake waliangamizwa majini, si Karnak; kwa hiyo sioni kuwa hukumu ni moja. Tena Suratur-Rum, aya ya 9, inatuhimiza kutembea na kutazama mwisho wa waliotuzidi nguvu.

Mimi nilikwenda, baada ya kuswali Magharibi. Taa zilipanda nguzo kwa nguzo (ukumbi mkuu una 134!), na sauti zikazungumza kana kwamba ni mafarao na miungu yao. Hapo ndipo penye hatari hasa: muziki unakulainisha, unaanza kuwastahi. Tulipoketishwa kando ya ziwa lao takatifu nilijisomea kimoyomoyo Suratud-Dukhan, aya ya 25 hadi ya 28, juu ya bustani na chemchemi walizoziacha wakarithi wengine. Mkata tiketi langoni alikuwa na tasbihi mkononi.