Waefeso 6: Tunapigana na Nani?

Somo la juma: Waefeso 6:10–20, pamoja na Matendo 19:8–20



Mwezi uliopita mama mmoja wa kusanyiko letu alitufuata baada ya ibada, amembeba mtoto wake wa miaka sita. (Ametupa ruhusa tuliseme hili.) Mtoto ana kifafa. Kwa wiki tatu alikuwa hajampa dawa, kwa sababu mtumishi mmoja anayeombea watu kwa simu alimwambia ugonjwa umetumwa na bibi wa mtoto, mama mkwe wake aliyebaki nyumbani, na kwamba vidonge ni kukosa imani. Akaacha dawa, akaacha kupokea simu za bibi, akaacha na kumtumia hela ya chakula. Jumamosi usiku mtoto alianguka mara nne.

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo vita vya kiroho si hadithi, na hatutaki kuwa kama wanaocheka habari za pepo. Biblia haicheki. Lakini inatuambia tunapigana na nani, na kwa silaha gani.

Efeso ulikuwa mji wa bandari, wenye hekalu la Artemi, na uganga ulikuwa na soko. Tukisoma Matendo 19 tunakimbilia leso zilizoponya wagonjwa. Tunaruka mstari wa 9 na wa 10: Paulo alifundisha kila siku katika darasa la Tirano, miaka miwili. Na hizo leso, Luka anasema Mungu ndiye aliyefanya, tena anaziita kazi zisizo za kawaida. Hatusomi kwamba ziliuzwa.

Kisha wana saba wa Skewa wakajaribu kulitumia jina la Yesu kama dawa ya mganga, wakakimbia uchi na majeraha. Jina lilikuwa lile lile, ila wao hawakumjua mwenye jina.

Tunaomba mkae kwenye mstari wa 18 na wa 19. Walioamini walikuja wakiungama matendo yao wenyewe. Kila mmoja alitoa kitabu chake cha uganga, hakuna aliyenyosha kidole kwa jirani. Vitabu vilivyochomwa vilikuwa na thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Kama kila kipande kilikuwa drakma, yaani ujira wa kibarua wa siku moja, hiyo ni kazi ya mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 130. Hapo ndipo Luka anasema neno la Bwana lilizidi kwa nguvu.

Sasa rudini Waefeso 6:12. Adui si damu na nyama. Bibi ni damu na nyama. Akija mtu kukutajia adui mwenye jina na namba ya simu, amekwisha kutoka katika sura hii. Angalieni na silaha: kweli, haki, utayari wa Injili ya amani, imani, wokovu, neno la Mungu, kisha maombi. Paulo anaandika akiwa kwenye minyororo, na anachoomba aombewe ni ujasiri wa kusema. Haombi askari anayemlinda aanguke afe.

Kuna atakayeuliza: na yule kijana wa Marko 9 je, si alikuwa na pepo? Ndiyo, na Yesu alijua hivyo. Alimuuliza baba amekuwa hivi tangu lini, wala hakuuliza nani kamtuma. Lakini Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo na wenye kifafa kila mmoja peke yake, na sisi hatuna macho ya Yesu ya kuwatenganisha kwa simu.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunasema wazi: dawa ya kifafa ikiachwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Kubadilisha au kupunguza ni kwa daktari. Mtoto akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala maji mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, piga 911. Wengine waendelee kuomba hapo hapo. Luka aliyetuandikia Matendo alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Mtoto amerudi kwenye dawa chini ya daktari wake. Mama alimpigia bibi Jumatano; bibi alilia, akakata simu. Ijumaa wamezungumza tena.

Maombi ya Ijumaa ni saa moja jioni. Wenye wagonjwa nyumbani, njooni na vidonge na karatasi zenu za dawa. Tutakaa chumba cha shule ya Jumapili, tuzisome pamoja, kisha tuombe.