Kuzimua Tindikali: Kitenzi na Hatari Yake

Mpishi anayezimua uji mzito huongeza maji sufuriani. Anayezimua chai kali hufanya vivyo hivyo. Kwa mazoea hayo, mwanafunzi akiagizwa "zimua asidi kwa maji" hushika chombo cha maji na kukiinamisha juu ya asidi. Hapo ndipo lugha inapomponza.

Asidi ya salfuriki, yaani H2SO4, ni kiowevu kizito kisicho na rangi. Ile ya asilimia 98 ina uzito wa takriban gramu 1.84 kwa kila sentimita moja ya ujazo, karibu maradufu ya maji. Hufyonza maji kwa nguvu mno hata ikimwagiwa sukari huiacha ikiwa makaa meusi. Ngozi na nguo hazisaliki. Ikikutana na maji hutoa joto jingi. Maji yakimiminwa juu yake huelea, yakachemka papo hapo na kurusha matone ya asidi usoni. Asidi ikitiwa majini polepole, huku ikikorogwa, huzama na joto lake husambaa.

Agizo faafu, basi, hutaja mfuatano: "Tia maji chomboni kwanza, kisha mimina asidi kidogo kidogo." Hata "changanya asidi na maji" halitoshi, kwani kiunganishi "na" hakielezi kipi kitangulie.

Sehemu kubwa ya asidi hii duniani hutengenezea mbolea za fosfeti. Nyingine huyeyusha shaba kutoka katika mawe ya migodi, kama ilivyo Zambia na Katanga. Inayomfikia raia ni ile ya betri za magari, iliyozimuliwa hadi takriban thuluthi moja. Huko nako jina "maji ya betri" hutumiwa ovyo: mara ni maji yaliyokenekwa, mara ni asidi yenyewe. Betri inapochajiwa, kinachopungua ni maji. Anayeongeza asidi huiharibu. Baya zaidi, aliyesikia "maji" havai glavu wala miwani.

Asidi ikimrukia mtu, nguo zilizolowa zivuliwe na ngozi au jicho lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha apelekwe hospitalini. Magadi hufaa kunyunyiziwa asidi iliyomwagika sakafuni. Kwenye ngozi au jichoni yasipakwe kamwe.