Maradhi na Kukosa Kazi

Twasema maradhi hayana kabila. Basi tazameni Marekani ilipopatwa na korona. Aprili 2020 waliokosa kazi walikuwa 14.2 kwa mia kwa Wazungu, 16.7 kwa Weusi, na 18.9 kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Maana hao wa mwisho walikuwa wengi katika mahoteli, nayo yalifungwa. Mei, milango ilipoanza kufunguliwa, Wazungu walishuka hata 12.4, Weusi walipanda, 16.8.

Msiseme, Ni mbali. Hapa Ikwiriri, Mndengereko mwenye shamba humwita nani kwanza kulima? Msukuma mwenye ng'ombe humpa nani fimbo achunge? Na kazi ikipungua, ni nani huambiwa kwanza arudi kwao?