Mikono Inayouma: Vifaa Tunavyoweza Kujitengenezea



Katika kikundi kimoja hapa Kabuchai, mama mmoja aliacha kuja siku za kupalilia. Tukadhani amechoka nasi. Kumbe vidole vilikuwa vimevimba, jembe halishikiki, na aliona haya kusema. Ndiyo maana somo letu leo ni la mikono.

Kwanza tuelewe. Viungo vya wazee wengi huchakaa, hasa pale chini ya dole gumba na karibu na kucha. Baridi yabisi ni jambo jingine. Mara nyingi hushika mikono yote miwili, hata ya kijana, na asubuhi vidole hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Huyo aende hospitali mapema, maana dawa za kuzuia viungo visiharibike zipo, lakini kiungo kikishapinda dawa haikinyoshi. Vidonge vya maumivu vya dukani, ukivimeza kila siku, vinaweza kuleta vidonda vya tumbo. Na si uchawi, jamani.

Sasa vifaa. Mpini mwembamba hukulazimisha kukunja vidole sana na kufinya kwa nguvu. Basi chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate vipande virefu, uzungushie mpini wa jembe, wa kisu na wa mwiko hadi mkono ukae vizuri. Usizidishe, mpini mnene mno nao haushikiki. Kipande cha tyubu hiyo hiyo, ukikiweka juu ya kifuniko cha chupa ya chai, kitafunguka bila vita.

Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20 na zaidi. Chota lita 5 mara nne. Kikapu kitundike karibu na kiwiko, si vidoleni. Blanketi usilikamue, lianike likichuruzika.

Kupukuchua mahindi ndiko kunakoumiza zaidi. Kikundi kikichanga, mnaweza kununua mashine ya kuzungusha kwa mkono. Ulizeni mafundi wa jua kali sokoni Chwele. Mwenye mikono mizima azungushe, anayeumwa atie mahindi.

Asubuhi chovya mikono katika maji ya vuguvugu dakika 10, kisha fungua na kufunga vidole polepole. Kifaa cha kushikilia kifundo cha mkono kipimwe na mtaalamu hospitalini. Usijibane kwa kamba.

Mkutano ujao, kila mtu alete jembe lake na tyubu. Anayeumwa asijisumbue kufunga, afungiwe na mwenzake, halafu alime mstari mmoja palepale atuambie kama mpini bado ni mwembamba.